Bei ya hisa inakudai nini? Mwongozo wa kupima hisa kwa kutumia hatifungani

Mtu anayetaka kununua hisa huko Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida huanza kwa kuuliza thamani yake halisi. Swali hilo lina sura ya umakini, lakini halijibiki, kwa sababu thamani ya hisa inategemea mambo ya miaka ishirini ijayo ambayo hakuna mchambuzi wala dalali anayeyajua. Mwongozo huu unakupa swali jingine: kwa bei ya leo, kampuni hii inapaswa ikue kwa kasi gani ili nipate zaidi ya ambacho ningepata kwa kuikopesha Serikali kupitia hatifungani? Swali hili linajibika kwa kikokotoo cha simu. Likishajibiwa, unabaki na jambo moja tu la kuamua: kasi hiyo inawezekana, au haiwezekani?

Kwanza, kwa nini tuanzie kwenye hatifungani na si kwenye hisa yenyewe. Mali yoyote ya fedha ni ahadi ya pesa za siku zijazo, na pesa za siku zijazo ni pungufu kuliko za leo kwa kiasi cha kile ambacho ungezalisha huku ukisubiri. Shilingi 100,000 utakazolipwa baada ya miaka mitano, ikiwa kwingine unaweza kupata asilimia 15 kwa mwaka, leo ni sawa na shilingi 49,718. Umegawa 100,000 kwa 1.15 mara tano, basi. John Burr Williams aliliweka wazo hili katika kitabu chake kuhusu thamani ya uwekezaji mwaka 1938: hisa ni jumla ya magawio yake yote ya baadaye, kila moja likiwa limepunguzwa kwa namna hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba katika hesabu hiyo kuna vitu viwili vinavyocheza, gawio na kiwango cha kupunguzia, na watu hutumia karibu muda wao wote wakibishana juu ya gawio.

Hatifungani inaonyesha nguvu ya kiwango hicho waziwazi, kwa sababu malipo yake hayabadiliki. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuuza hatifungani za miaka 25 zenye kuponi (riba ya mwaka) ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata kuponi za matoleo mapya ya muda huohuo zilishushwa hadi asilimia 12.56. Chukua hatifungani ya zamani yenye thamani ya usoni ya shilingi milioni 1 na miaka 24 iliyobaki. Soko likidai asilimia 12.56, hatifungani hiyo inastahili takriban shilingi 1,255,000. Soko hilohilo likidai asilimia 18, inastahili takriban 888,000. Mlipaji ni yuleyule na kuponi ni zilezile kila miezi sita, lakini tofauti ya bei inazidi shilingi 360,000 kwa kila milioni. Ikiwa kiwango kinaweza kuitikisa hivyo karatasi ambayo kila malipo yake yameandikwa, basi hisa, ambayo haina hata tarehe ya kuiva, inatikiswa zaidi.

Hatua ya 1: Pata kipimo chako

Tafuta matokeo ya mnada wa karibuni wa hatifungani ya miaka kumi au zaidi kwenye tovuti ya Benki Kuu ya nchi yako. Usichukue kuponi. Chukua mapato hadi kuiva, yaani kile anachopata mnunuzi wa leo kwa bei ya leo. Aliyelipa shilingi 1,255,000 kwa karatasi ya kuponi 15.95 hapati 15.95.

Kisha toa kodi pande zote mbili. Nchini Kenya riba ya hatifungani za kawaida za miaka kumi na zaidi hukatwa asilimia 10, wakati zile za miundombinu zimekuwa hazikatwi. Tanzania imekuwa ikisamehe kodi kwenye riba ya hatifungani za Serikali za miaka mitatu na kuendelea. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni hukatwa asilimia 5 kwa mkazi katika nchi zote mbili. Sheria za fedha kwa kawaida hupita Juni, kwa hiyo hakikisha viwango hivi kabla ya kupiga hesabu.

Hatua ya 2: Ongeza fidia ya hatari

Mwenye hisa hulipwa wa mwisho, na mwaka mbaya halipwi kabisa. Lazima adai zaidi ya mwenye hatifungani. Zaidi kiasi gani? Vitabu vya vyuo vitakuelekeza kwenye nadharia ya William Sharpe ya mwaka 1964, inayopima hatari ya hisa kwa jinsi inavyofuatana na mwendo wa soko zima, kipimo kinachoitwa beta. Kwenye masoko yetu kipimo hicho kina ugonjwa. Hisa isiyouzwa kwa wiki tatu bei yake haisogei, na hesabu ya beta inaitafsiri kuwa tulivu na salama, kumbe haina wanunuzi tu. Ukiifuata kwa upofu, hisa iliyo ngumu kuliko zote kuiuza ndiyo itakayopewa fidia ndogo kuliko zote. Kwa mtazamo wangu ni afadhali uchague fidia moja ya wazi, tuseme asilimia 3.5 kwa kampuni kubwa yenye wanunuzi kila siku na 6 au 7 kwa ndogo isiyouzika kirahisi, uitumie kwa hisa zote unazolinganisha, na ukubali kuwa umeichagua wewe. Fidia iliyochaguliwa wazi inaweza kuhojiwa na mtu mwingine, jambo ambalo desimali nne za beta mbovu hazikuruhusu.

Tahadhari moja. Usiongeze tena fidia ya hatari ya nchi, kama wafanyavyo wachambuzi wanaoanza na viwango vya Marekani. Ukianza na hatifungani ya shilingi, hatari ya nchi na mfumuko wa bei vimo ndani tayari. Kuviongeza ni kuvihesabu mara mbili.

Hatua ya 3: Geuza hesabu

Kampuni inayolipa gawio linalokua kwa kasi ileile mwaka hadi mwaka ina kanuni fupi, inayohusishwa na jina la Myron Gordon: bei ni gawio la mwaka ujao likigawanywa kwa tofauti kati ya kiwango unachodai na kasi ya ukuaji. Wengi huijaza kasi wanayoitarajia na kupata bei. Igeuze. Bei unaijua tayari, iko sokoni. Tafuta kasi:

> Kasi inayodaiwa = (bei × kiwango − gawio) ÷ (bei + gawio)
> Gawio ni la mwaka uliopita baada ya kodi. Kiwango ni kipimo cha Hatua ya 1 pamoja na fidia ya Hatua ya 2.

Tuijaribu kwa Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, kwa kuwa ndiyo hisa inayomilikiwa na Wakenya wengi tangu Serikali ilipoiuza kwa umma kwa shilingi 5 mwaka 2008. Mwaka 2021 bei yake ilikaribia shilingi 45. Gawio la mwaka ulioishia Machi 2021 lilikuwa 1.37, yaani 1.30 baada ya kodi. Hatifungani za miundombinu za mwaka huo zilitoka na kuponi kati ya asilimia 12 na 13. Weka 12.5 na fidia ya 3.5, upate 16. Kanuni inajibu asilimia 12.7. Hata ungesema huitaki fidia yoyote, ungekuwa tayari kubeba hatari ya hisa kwa malipo ya hatifungani, bado bei hiyo ingedai asilimia 9.3 kila mwaka, milele.

Sasa nenda mwanzoni mwa 2024. Hisa ilikuwa imeporomoka hadi chini ya shilingi 15, na maneno mitaani yalikuwa kwamba imekuwa rahisi mno. Gawio lilikuwa 1.20, au 1.14 baada ya kodi. Lakini Februari ile Benki Kuu ya Kenya ilitoa hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa kuponi ya asilimia 18.46, bila kodi. Weka 18.5, fidia ileile, jumla 22, na bei tuseme 14. Jibu ni asilimia 12.8. Bei imeshuka kwa zaidi ya theluthi mbili, na dai lake kwa kampuni halijapungua hata kidogo.

Fika 2025. Riba elekezi ya Kenya, iliyokuwa asilimia 13 Februari 2024, ilishushwa hatua kwa hatua hadi chini ya 10, na hisa ikavuka shilingi 25. Gawio? Ni 1.20 tena, kwa mwaka wa tatu mfululizo. Kwa bei ya 26, kipimo cha 13.5 na fidia ileile, dai ni asilimia 12.1. Kwa hiyo katika bei tatu zilizoachana sana, 45 na 14 na 26, soko lilikuwa likiidai kampuni takriban kasi ileile. Sitaki kusema riba ndiyo sababu pekee. Hasara za kuingia Ethiopia, ambako huduma zilizinduliwa rasmi Oktoba 2022, zilikuwa kweli na kubwa. Lakini aliyesoma bei peke yake aliona hisa ghali, kisha rahisi, kisha ghali tena, ilhali kilichosogea zaidi kilikuwa kipimo.

Hatua ya 4: Liweke dai mbele ya uchumi

Asilimia 12.7 ni nyingi au kidogo? Kuna mpaka mmoja usiovukika. Uchumi wa nchi ukikua asilimia 5 kwa uhalisia na bei zikipanda asilimia 5, jumla yake kwa shilingi ni 10 na kitu. Kampuni inayokua kwa kasi zaidi ya hapo milele siku moja itakuwa kubwa kuliko nchi iliyomo. Kwa hiyo dai likizidi kasi ya uchumi kwa shilingi, hujakuta kosa la hesabu. Umekuta kwamba bei imelipia miaka kadhaa ya ukuaji wa kasi ambao haujatokea bado, na unapaswa kuutaja ukuaji huo unatoka wapi: wateja wapya, huduma mpya, nchi mpya? Kama huwezi kuutaja, usilipe.

Angalia pia jinsi dai kubwa linavyoifanya bei kuwa dhaifu. Kwa hisa ya 45 hapo juu, kiwango kikipanda kutoka 16 hadi 17 na kasi ikibaki palepale, kanuni inatoa shilingi 34. Mabadiliko madogo kiasi hicho ya mnada mmoja yanaondoa karibu robo ya mtaji.

Hatua ya 5: Kampuni inayokua haraka, igawe miaka yake

Kwa kampuni iliyo katika mbio, kanuni fupi haitoshi. Benki ya CRDB ya Tanzania ililipa gawio la shilingi 36 kwa hisa kwa mwaka 2021, kisha 45, 50, na 65 kwa mwaka 2024. Hiyo ni takriban asilimia 22 kwa mwaka, na hakuna anayeweza kuiandika kasi hiyo kuwa ya milele. Fanya hivi:

1. Kadiria gawio la kila mwaka kwa miaka mitano ijayo kwa kasi unayoweza kuitetea, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya miaka iliyopita.
2. Kuanzia mwaka wa sita, weka kasi iliyo chini ya ile ya uchumi kwa shilingi. Asilimia 7 si mbaya.
3. Gawio la mwaka wa sita ligawe kwa tofauti ya kiwango na kasi hiyo ndogo. Hiyo ndiyo thamani ya miaka yote inayofuata, ikisimama mwishoni mwa mwaka wa tano.
4. Rudisha kila kiasi hadi leo kwa kugawa kwa kiwango, kisha jumlisha.
5. Rudia yote kwa kiwango kilicho juu kidogo na kilicho chini kidogo.

Hisa inayolipa shilingi 100 leo, ikikua asilimia 12 kwa miaka mitano na 7 baada ya hapo, inaleta majibu haya:

| Kiwango unachodai | Thamani ya leo |
|---|---|
| 14% | 1,873 |
| 16% | 1,448 |
| 18% | 1,178 |

Kwenye mstari wa katikati, takriban shilingi 998 kati ya 1,448 zinatoka baada ya mwaka wa tano, kwenye sehemu usiyoijua kabisa. Kwa sababu hiyo ripoti ya uchambuzi inayotaja bei moja ya lengo, bila upana, isomwe kwa shaka. Upana ndio jibu lenyewe.

Mapingamizi yanayostahili kujibiwa

La kwanza huja kutoka kwa wasomi: kama soko limeshaweka habari zote ndani ya bei, hesabu hii ni ya nini? Lakini mwongozo huu haudai kwamba soko limekosea. Unakuonyesha soko linaamini nini, ili uamue kama nawe unaamini. Anayekubali kwamba bei ni sahihi bado anahitaji kujua amekubali kasi gani. Zaidi ya hapo, soko ambalo hisa zake nyingi haziuzwi kila siku ni vigumu kulisifia kwamba limemeza habari zote.

La pili ni zito zaidi. Mtu atasema kwamba kipimo cha 18.5 mwaka 2024 kilikuwa cha muda, kila mtu alijua riba ingeshuka, kwa hiyo kuichukulia kuwa ya milele ni kuionea hisa. Ni kweli, na aliyenunua kwa 14 amepata faida nono. Ila ukiamini riba itashuka, hatifungani nayo inafaidika kwa imani hiyohiyo. Karatasi ya Tanzania tuliyoanza nayo imepanda kwa robo kwenye hesabu yetu bila kampuni yoyote kufanya kazi. Mwenye imani hiyo alinganishe faida ya hisa riba ikishuka na faida ya hatifungani riba ikishuka, badala ya kuipa hisa kesho nzuri na kuiachia hatifungani jana yake.

La tatu: Serikali nayo inaweza kushindwa kulipa. Inaweza. Desemba 2022 Ghana ilitangaza kubadilisha hatifungani zake za ndani kwa mpya zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi, na benki zilizozishika kwa wingi zikaumia. Hilo halikiondoi kipimo, linamkumbusha mtumiaji kwamba riba kubwa huwa ina sababu. Pia linagusa hisa unayoipima. Siku Serikali inaposhindwa, hisa za benki hazibaki salama pembeni.

Kuhusu kampuni isiyolipa gawio, tumia faida kwa kila hisa ukitoa kiasi kinachohitajika kurudishwa kwenye biashara ili ikue. Kampuni inayopata asilimia 20 juu ya mtaji wa wenye hisa na kutaka kukua asilimia 10 lazima ibakize nusu ya faida. Nusu nyingine ichukulie kuwa ndiyo gawio, hata kama haijalipwa.

Makosa ya kila siku

- Kuchanganya shilingi na dola. Kasi ya shilingi ipunguzwe kwa kiwango cha shilingi.
- Kuweka kasi ya uhalisia dhidi ya kiwango chenye mfumuko ndani yake. Hisa nzuri itaonekana mbovu.
- Kuchukua gawio maalumu, lililotoka kwa kuuza jengo au tawi, kana kwamba litarudi mwakani.
- Kupunguza fidia ya hatari baada ya kuona jibu halipendezi.
- Kuita hisa rahisi kwa kuwa jana ilikuwa bei kubwa zaidi.

Kabla ya kumpigia dalali, andika kwenye karatasi moja:

☐ Mapato hadi kuiva ya hatifungani, tarehe ya mnada, na kodi yake
☐ Fidia niliyoongeza na sababu yake kwa sentensi moja
☐ Kasi ambayo bei inaidai
☐ Kasi ya gawio kwa miaka mitano iliyopita
☐ Kasi ya uchumi kwa shilingi
☐ Ukuaji unatoka wapi
☐ Thamani ya chini kabisa kwenye upana wangu

Mstari wa mwisho ndio unaokupa bei ya kuagizia. Mpe dalali oda yenye kikomo, iliyo karibu na thamani hiyo ya chini, badala ya kumwambia anunue kwa bei ya soko. Kwenye hisa yenye wauzaji wachache, oda isiyo na kikomo inaweza kukamilika kwa bei ambayo hukuipigia hesabu. Oda isipokamilika, fedha zinaweza kusubiri kwenye dhamana ya Serikali ya muda mfupi hadi mnada ujao wa hatifungani utakapotoa kipimo kipya. Hapo karatasi inajazwa upya kuanzia mstari wa kwanza.